Mashine ya kufulia ya mlango wa juu: ilitoka shambani, sasa inarudi shambani



Zamani maswali mliyokuwa mkiniletea hapa Mkumbara yalikuwa ya mbegu, mbolea na wadudu. Tangu nguzo za umeme zisogee karibu na nyumba zetu, yamekuja na maswali ya mashine: pampu, mashine ya kukoboa, na sasa mashine ya kufulia. Mmoja anataka kumpunguzia mama kazi ya beseni. Mwingine anaona magari na wageni wanaopita barabara kuu, anafikiria kufua nguo za watu kwa malipo. Wote wanauliza: ipi inafua vizuri?

Sitakutajia jina la mashine moja nikamaliza. Nitakupa historia, kwa sababu kila aina unayoiona dukani Korogwe au Tanga ilitengenezwa kujibu shida ya watu fulani, mahali fulani. Ukiijua shida hiyo utajua kama inafanana na yako. Pesa unayotaka kutoa ni ya magunia ya mahindi au ya mbuzi uliowalea mwaka mzima. Si pesa ya kubahatisha.

Isitoshe, watu wa hapa hatukuanza jana kuona mashine. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliweka njia ya waya iliyoshusha mbao za mierezi kutoka misitu ya Shume mpaka hapa Mkumbara, kwenye reli. Na nani kati yetu hajui korona ya mkonge, inavyokwangua jani huku maji yakiosha nyuzi? Kwa hiyo tuizungumzie mashine ya kufulia kama watu wanaojua kwamba mashine yoyote ina gharama yake.

Kiwanda cha zana za kilimo

Mwaka 1893, katika mji wa Newton, jimbo la Iowa nchini Marekani, F. L. Maytag na wenzake walianzisha kiwanda. Hawakutengeneza mashine za kufulia. Walitengeneza vifaa vya kulishia ngano kwenye mashine za kupura. Biashara hiyo ilikuwa ya msimu, kama ya kwetu: wakati wa mavuno kazi imejaa, baada ya hapo mafundi wamekaa. Mwaka 1907 kiwanda kikaanza kutengeneza mashine ya kufulia ya tangi la mbao, ili kuwe na kitu cha kuuza wakati zana za kilimo hazina wateja.

Wateja wake wengi walikuwa wakulima, na mashamba yao hayakuwa na umeme. Kwa hiyo katika miaka ya 1910 Maytag ikaja na injini ndogo ya petroli, ya kuwasha kwa kukanyaga kama pikipiki, ikafungwa chini ya mashine. Injini hiyo haikufua tu. Uliweza kuifungia chombo cha kusukia maziwa upate siagi, au kinu cha kusagia nyama.

Angalia hapo, ndugu yangu. Mashine hii tunayoiona ni ya watu wa mjini ilikulia kwa wakulima wasio na umeme, wanaochota maji kisimani. Umeme uliwakuta baadaye. Hata katikati ya miaka ya 1930, ni takriban shamba moja kati ya kumi Marekani lililokuwa na umeme. Mwaka 1935 serikali yao ikaunda chombo cha kupeleka umeme vijijini, na kwa ufupisho kiliitwa REA, kama wakala wetu wa nishati vijijini.

Upekecho ndani ya tangi

Mashine za mwanzo ziliburuta nguo ndani ya maji, na nguo ziliumia. Mwaka 1922 Maytag ikatoa mashine yenye nguzo fupi ya mapezi katikati ya tangi, iliyopachikwa chini. Nguzo hiyo inageuka nusu mzunguko kulia, nusu mzunguko kushoto, bila kuzunguka moja kwa moja. Badala ya kuburuta nguo, inasukuma maji yapite kati ya nyuzi.

Kama umewahi kushika upekecho ukapekecha mlenda, umeshaielewa kazi yake. Mikono inakwenda na kurudi, na chungu chote kinachemka kwa mwendo huo. Basi katika makala hii nguzo hiyo nitaiita upekecho.

Upekecho ulifua vizuri, ila ulihitaji maji mengi ili nguo ziogelee. Nguo zikibanwa, mwendo unakufa. Mashine za aina hii za miaka ya baadaye, zile zinazofanya kila kitu zenyewe, zilitumia kama lita 150 kwa mzigo mmoja wa kufua na kusuuza. Hizo ni ndoo saba na nusu za lita 20. Kwa mwenye bomba ndani ya nyumba si neno. Kwa anayebeba kichwani ni safari saba na nusu.

Kukamua kulikovunja mikono

Kwa muda mrefu kufua kulikuwa rahisi kuliko kukamua. Juu ya tangi kulikuwa na magogo mawili ya mpira yanayobanana, na nguo ilipitishwa katikati. Magogo hayo yalivuta nguo, na mara nyingine yakavuta vidole, kiganja na mkono mpaka kwenye kiwiko, hasa wa watoto. Ajali hizo zilikuwa nyingi kiasi kwamba madaktari wa Marekani walilipa jeraha hilo jina lake.

Mwaka 1937 ikatoka mashine ya Bendix, ya mlango wa mbele, iliyofua, ikasuuza na kukamua yenyewe. Mwaka 1947 General Electric na Whirlpool zikaingia sokoni na za mlango wa juu zinazofanya vivyo hivyo: tangi lenyewe linazunguka kwa kasi na kurusha maji nje. Mkono wa mtu ukawa mbali na hatari, mradi mfuniko ufanye kazi yake. Mfuniko si pambo. Mwaka 2016 Samsung iliitisha Marekani mashine za mlango wa juu zipatazo milioni 2.8 zirekebishwe, kwa sababu sehemu ya juu iliweza kung'oka wakati wa kukamua.

Sahani ya Uingereza, Japani na kwetu

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walikuwa na nyumba ndogo na mifuko mitupu. Mwaka 1948 kampuni ya Hoover ikafungua kiwanda Merthyr Tydfil, Wales, na kutoa mashine ndogo isiyo na upekecho. Ubavuni mwa tangi kulikuwa na sahani yenye matuta iliyozunguka kwa kasi na kuyafanya maji yawe kimbunga. Ilifua kwa dakika chache. Ubaya wake, nguo zilisokotana kama kamba, na za pamba laini zilichakaa upesi.

Wajapani wakaichukua njia hiyo. Mwaka 1953 kampuni ya Sanyo ikauza mashine ya namna hiyo kwa bei ambayo familia ya kawaida iliweza kuipigania, na katika miaka hiyo mashine ya kufulia, friji na televisheni zikawa vitu vitatu ambavyo kila nyumba Japani ilivitamani. Mwaka 1960 Sanyo ikatoa ya matangi mawili: moja la kufulia, la pili dogo la kukamulia. Baadaye sahani ikahamia chini ya tangi na kufundishwa kubadili upande, kulia kisha kushoto, ili nguo zisisokotane sana.

Hiyo ya matangi mawili ndiyo unayoikuta leo kwenye maduka yetu kwa bei nafuu kuliko nyingine. Haikuja kwetu kama masalio. Ilibuniwa kwa watu wenye maji ya kuhesabu, nafasi ndogo na pesa kidogo.

Mkulima wa Sichuan na viazi vyake

Kisa kimoja kinawahusu wakulima moja kwa moja. Mwaka 1996 mkulima wa mkoa wa Sichuan, China, alilalamika kwa kampuni ya Haier kwamba bomba la kutolea maji la mashine yake linaziba kila mara. Mafundi walipokwenda walikuta anaoshea viazi vitamu, na udongo ndio uliokuwa unaziba. Kampuni ingeweza kumwambia aache. Badala yake, mwaka 1998 ikatoa mashine yenye bomba pana inayofua nguo na kuosha viazi pia, na mzigo wa kwanza ulikuwa mashine 10,000.

Naona mfanyabiashara wa karoti na viazi vinavyoshuka kutoka Lushoto ameshaanza kupiga hesabu. Pole pole. Mashine ya kawaida haikutengenezwa kwa udongo, itaziba kama ya yule mkulima. Na tangi lililofulia nguo kwa sabuni ya unga lisioshe chakula cha watu. Ukitaka kuoshea mazao, iwe mashine ya mazao tu.

Wanaolinganisha, wanalinganisha nini?

Marekani na Uingereza wako wapenzi wa mashine hizi wanaozikusanya na kuzishindanisha, za zamani na za sasa, kama sisi tunavyobishana juu ya majembe na pikipiki. Jambo la kwanza wanaloangalia ni kupinduka kwa nguo. Wanaweka kitambaa cha rangi inayoonekana juu ya mzigo na kutazama: je, kinazama katikati, kinapita chini, kinapanda pembeni na kurudi juu? Kisipozama, nguo za juu hazifuliwi sawa na za chini.

Mwaka 2018 kampuni ya Speed Queen ilibadili baadhi ya mashine zake, upekecho na tangi vikawa vinageuka pamoja. Wapenzi wakapiga kelele kwamba nguo zinakaa pale pale hazipinduki. Kampuni ikarudisha sokoni na ule muundo wa zamani. Maabara nazo zina kipimo chao: vipande vya kitambaa vyenye madoa ya damu, kakao, divai nyekundu na masizi yenye mafuta vinafuliwa, kisha weupe wake unapimwa.

Yote haya yanaelezwa na kanuni aliyoiweka Herbert Sinner, mkemia wa kampuni ya sabuni ya Henkel ya Ujerumani, mwaka 1959. Uchafu unatolewa na vitu vinne: sabuni, joto, kupekechwa na muda. Ukipunguza kimoja, lazima uongeze kingine. Mashine ya mlango wa mbele inatumia maji kidogo, hivyo inachukua muda mrefu na mara nyingi inapasha maji. Ya sahani inamaliza upesi kwa kupekecha kwa nguvu. Mashine zetu za matangi mawili kwa kawaida hazipashi maji. Basi ongeza muda: loweka nguo za shamba usiku mzima. Ongeza joto: acha ndoo nyeusi juani tangu asubuhi, jua la Mkumbara halina bili. Lakini doa la damu au maziwa lianze na maji baridi, kwani joto huligandisha.

Hesabu ya nyumbani kwako

Sasa turudi kwako. Kabla ya kununua, jiulize maswali haya.

1. *Maji yanafikaje?* Ya kujiendesha yenyewe inataka bomba lenye msukumo. Ukiwa na ndoo, au bomba linalotoka siku mbili kwa wiki, itasimama katikati ya kazi ikisubiri maji. Ya matangi mawili unaijaza kwa ndoo, tena maji yale yale ya sabuni yanafua mizigo miwili hadi mitatu. Anza na nyeupe na sare za shule, fuata za rangi, malizia na za shamba. Ya kujiendesha huyamwaga kila mara.

2. *Umeme ukikatika je?* Ya matangi mawili ina saa ya kuzungusha kwa mkono. Umeme ukirudi unaizungusha tena na kuendelea, na usiporudi unamalizia kwa mikono.

3. *Inakula kiasi gani?* Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema wati 400, dakika 15 za kufua ni sehemu moja ya kumi ya uniti. Kwa nyumba ni kidogo. Lakini ukifua kwa biashara, chunga usivuke uniti 75 kwa mwezi kama uko kundi la D1, maana juu ya hapo bei ya uniti inapanda zaidi ya mara tatu. Ulizia ofisi ya TANESCO kabla, si baada.

4. *Inakamuaje?* Hapa ya bei nafuu hushinda mara nyingi. Tangi dogo la kukamulia huzunguka kama mara 1,300 kwa dakika, wakati nyingi za kujiendesha za mlango wa juu huzunguka kati ya 600 na 800. Mwenye mizani apime mwenyewe: nguo kavu kilo ngapi, baada ya kukamuliwa kilo ngapi. Tofauti ni maji yaliyobaki. Wakati wa masika, nguo ya mteja isiyokauka ni mteja aliyepotea.

5. *Fundi yuko wapi?* Mkanda, kapasita na mpira wa kutolea maji ndivyo vinavyosumbua kwenye ya matangi mawili, na fundi wa pampu anaviweza. Ya kujiendesha ina kadi ya umeme. Ikiungua kwa umeme unaopanda na kushuka, bei ya kadi itakushtua.

Ukiwa dukani, omba uone ikiwa na maji na nguo ndani. Weka leso yako juu uone kama inazama na kurudi. Muuzaji akikataa, duka la pili liko jirani. Na usikamue turubai, koti la mvua wala kitu kisichopitisha maji. Maji hunaswa ndani, uzito unaegemea upande mmoja, na tangi linaweza kuvunjika.

Nguo za kunyunyizia dawa

Hapa naomba unisikilize kama bwana shamba. Nguo ulizovaa ukinyunyizia dawa za wadudu kwenye nyanya au pamba zisichanganywe na za watoto, wala zisilowekwe pamoja nazo. Yale maji ya kufulia mizigo mitatu niliyoyasifu hayazihusu hizi kabisa.

Zifue siku hiyo hiyo, peke yake, ukivaa glavu. Ukitumia mashine, jaza maji mpaka alama ya juu, sabuni ya kutosha, chache kwa mara moja. Kisha endesha mashine tupu kwa maji na sabuni kabla haijapokea nguo nyingine. Anika juani, mbali na za familia. Nguo iliyomwagikiwa dawa nzito isiyochanganywa na maji haifuliwi, inaondolewa kabisa. Maji yake yasiende mtoni wala kwenye bustani ya mboga, wala mifugo isiyanywe. Kama unafulia watu kwa malipo, muulize mteja ametoka wapi na nguo hizo.

Muda uliookolewa ni wa nani?

Mwaka 1983 mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, alitoa kitabu kuhusu kazi za nyumbani. Alionyesha kwamba mashine hazikupunguza saa za kazi za akina mama kama ilivyodhaniwa. Kufua kulipokuwa rahisi, watu wakabadili nguo na mashuka mara nyingi zaidi, na kazi ambazo zamani ziligawanywa au kupelekwa kwa dobi zikarudi kwa mama peke yake.

Kwa hiyo hesabu ya mwisho haiko dukani. Ukinunua mashine inayokunywa ndoo saba, na anayechota ni mke wako au binti yako, hujampunguzia kazi. Umemtoa kwenye beseni ukampeleka kisimani. Kaeni mzungumze kabla pesa haijatoka: nani atachota, nani atajaza, nani ataanika, na ile saa itakayopatikana ifanye nini. Kama ni biashara, mapato yaandikwe kwenye daftari, na anayesimama kwenye mashine ajulikane analipwa kiasi gani.

Kwa nyumba nyingi za huku kwetu, kwa maji na umeme tulionao leo, ya matangi mawili ndiyo inayofaa. Siku bomba litakapotoka kila saa, tutazungumza tena juu ya zile za kujiendesha.

Nawatakia kazi njema na mavuno mema.